Mushtari Anapopatwa: Kuisoma Guru Chandala Bila Kutishana

Usiku wa tarehe 28 Oktoba 2023, yapata saa tano na robo kwa saa za Afrika Mashariki, mwezi mpevu ulipatwa. Haukupatwa wote. Kivuli cha dunia kilimega ukingo tu, kiasi cha asilimia 12 ya kipenyo chake, kisha kikaachia. Karibu na mwezi huo paliwaka nuru kubwa nyeupe isiyometameta kama nyota nyingine. Huyo alikuwa Mushtari. Aliyekuwa na anga safi usiku ule, awe Dar es Salaam au Ahmedabad, aliwaona wawili kati ya watatu waliokutana pale juu. Wa tatu ni Rahu, na Rahu haonekani kwa jicho la mtu yeyote, kwa sababu hana mwili. Ni mojawapo ya mahali pawili ambapo njia ya mwezi inakatana na njia ya jua; pa pili ni Ketu. Tunajua yuko wapi kwa sababu hapo karibu ndipo mwezi na jua hupatwa.

Kiswahili kinasema mwezi umepatwa, bila kutaja aliyeupata. Kisanskriti kinamtaja. Neno lao la sayari, graha, maana yake ni mshikaji, mwenye kukamata, na kupatwa kwa mwezi wanakuita grahana, ukamataji. Katika unajimu wa Kihindi, Jyotisha, sayari hazisemwi kuwa zinamulika mtu. Zinamshika. Ukilielewa hilo mapema, nusu ya elimu hii inafunguka, hasa ile sehemu inayowatoa watu jasho: mkutano wa Mushtari na Rahu, unaoitwa Guru Chandala Yoga. (Yoga hapa ni muungano, haihusiani na mazoezi ya viungo.)

Naandika kwa sababu ya karatasi moja. Mama mmoja mtaani kwetu, Mhindu wa Kigujarati aliyezaliwa hapahapa Dar es Salaam, alinijia na kundali ya mwanawe, yaani chati ya kuzaliwa, iliyochapishwa na programu ya simu. Kurasa ishirini na kitu. Katika ukurasa wa nne palikuwa na kisanduku chekundu: Guru Chandala Dosha, dosha maana yake kasoro. Chini yake sentensi tatu: mtoto hatawaheshimu wakubwa, atapotoka katika dini, elimu yake itaharibika. Alikuwa ameshampelekea mtaalamu mmoja, naye akamtajia bei ya kafara na bei ya jiwe. Aliniuliza, "Kaka, niambie ukweli. Mwanangu ana mkosi?" Mtoto mwenyewe alikuwa amelala begani, hajafikisha hata mwaka.

Karatasi ile haikuwa na kosa la hesabu. Mushtari na Rahu walikuwa pamoja kweli. Kosa lilikuwa kusoma neno moja la sentensi na kulitolea hukumu.

Tuanze na hao wawili wenyewe. Mushtari kwao ni Guru, au Brihaspati, mwalimu wa miungu. Mambo yake ni elimu, dini, haki, watoto, mali iliyopatikana kwa njia njema, na wazee wanaotushauri. Rahu ana kisa chake. Miungu na maasura, mahasimu wao, walipoisukasuka bahari ya maziwa ili kupata amrita, kinywaji cha kutokufa, asura mmoja aitwaye Svarbhanu alijigeuza, akaketi katika safu ya miungu, akanywa. Jua na mwezi wakamtambua, wakamsema. Vishnu, aliyekuwa amejigeuza mwanamke mzuri Mohini ili kukigawa kinywaji, akamkata shingo kwa gurudumu lake. Lakini amrita ilikuwa imeshapita kinywani, kwa hiyo hakufa. Kichwa kikawa Rahu, kiwiliwili kikawa Ketu, na tangu hapo kichwa kile kinawafukuza jua na mwezi na kuwameza. Hawakai tumboni, kwa sababu hana tumbo. Ndiyo maana wanatoka. Wanajimu wa Kiarabu nao walizijua nukta hizi mbili, wakaziita Kichwa na Mkia wa Joka.

Kinywa kisicho na tumbo: hiyo ndiyo njaa ya Rahu. Anataka bila kushiba. Anahusishwa na ugeni, na nchi za mbali, na mambo mapya yasiyo na desturi, na udanganyifu, na pia na ujasiri wa kuketi kwenye safu ambayo hukualikwa. Sasa mweke karibu na mwalimu wa miungu. Je, mwalimu atachafuliwa na mwanafunzi mwenye njaa, au mwenye njaa atapata hatimaye mtu wa kumfundisha kula kwa adabu? Mapokeo yana majibu yote mawili. Kisanduku chekundu kinatoa moja tu.

Na hapa lazima niseme jambo kuhusu jina, kwa sababu linaniuma. Chandala halikuwa neno la anga. Lilikuwa jina la watu. Katika sheria za kale za Wahindu, Chandala ni mtoto wa baba Shudra, tabaka la chini, na mama Brahmana, tabaka la makuhani, aliyewekwa chini ya wote, akaishi nje ya kijiji na kupewa kazi za maiti. Kuuita mkutano huu Guru Chandala ni kusema: mwalimu mtukufu ameguswa na asiyestahili kuguswa. Katiba ya India, iliyoanza kutumika 1950, ilifuta ubaguzi huo katika ibara ya 17, lakini jina limebaki kwenye programu za simu na linaendelea kufanya kazi yake ya zamani, kutia unajisi. Mimi hulitaja mara moja ili msomaji ajue tunazungumzia nini, kisha nasema Mushtari na Rahu. Nawasihi wanaosomea watu kundali wafanye hivyohivyo. Anayeambiwa kuwa ana unajisi hasikii tena neno linalofuata.

Turudi kwenye hesabu. Kwanza, ukifungua ukurasa wa nyota gazetini, au programu ya Kizungu, utaambiwa kwamba kwa sehemu kubwa ya mwaka 2023 Mushtari alikuwa katika nyota ya Ng'ombe. Jyotisha inasema alikuwa katika Kondoo. Wote wako sahihi kwa kipimo chao. Wazungu wanaanzia mahali jua lilipo siku ya usawa wa mchana na usiku mwezi Machi. Wahindi wanaanzia kwenye nyota zenyewe. Kwa sasa tofauti ni nyuzi 24 na ushee, na kipimo kinachotumika zaidi ni kile kilichopitishwa na kamati ya kurekebisha kalenda ya India chini ya mwanasayansi Meghnad Saha, miaka ya 1950. Kama "nyota yako" ya gazetini hailingani na ya kundali, sababu ni hiyo.

Kwa kipimo hicho, Mushtari aliingia Kondoo tarehe 22 Aprili 2023 na kumkuta Rahu ndani. Walikaa pamoja hadi tarehe 30 Oktoba, Rahu alipotoka kwenda Samaki, kwa kuwa Rahu hutembea kinyumenyume. Ni miezi sita na siku kidogo. Duniani huzaliwa watoto zaidi ya milioni 130 kwa mwaka, kwa hiyo waliozaliwa chini ya mkutano huo hawapungui milioni 60. Ukisema wote watadharau walimu wao, hujasema lolote kuhusu mtoto mmoja. Na mkutano huu hurudi kila baada ya miaka saba na kidogo. Ulikuwapo 2016 katika Simba, na 2009 katika Mbuzi, mahali ambapo Mushtari ni dhaifu kabisa. Vizazi kwa vizazi vimezaliwa nao, na ndani yake wamo walimu na masheikh na mapadri.

India ilishapata funzo kubwa kuhusu kusoma mkutano peke yake. Mwanzoni mwa Februari 1962, graha nane zilikusanyika katika Mbuzi: jua, mwezi, Mirihi, Utaridi, Mushtari, Zuhura, Zohali, na Ketu. Na juu ya hayo jua likapatwa. Wanajimu wengi walitangaza maangamizi. Watu waliacha safari, wakakesha kwenye moto wa kafara wakimimina samli. Waziri Mkuu Nehru alilipuuza jambo lile waziwazi. Siku zikapita, dunia ikaendelea.

Basi mkutano unasomwaje? Mimi huanza na umbali, na kipimo changu nimekitoa kwenye kupatwa kwenyewe.

Usiku ule wa Oktoba, mwezi ulikuwa kama nyuzi kumi kutoka kwa Rahu, ndiyo maana uling'atwa ukingo tu. Ungekuwa nyuzi mbili, ungemezwa wote. Ungekuwa nyuzi kumi na tano, kivuli kikuu cha dunia kisingeugusa. Anga lenyewe linatufundisha kwamba mshiko wa Rahu una umbali wake. Programu za simu hazilitazami hilo. Kwao, kuwa katika nyumba moja ya nyota, yenye upana wa nyuzi 30, kunatosha. Lakini Mushtari na Rahu walifikiana uso kwa uso mwishoni mwa Mei 2023, wote wakiwa karibu nyuzi ya nane ya Kondoo. Baada ya hapo Mushtari alisonga mbele na Rahu akarudi nyuma, kila mmoja akishika njia yake. Kufikia katikati ya Septemba, Mushtari alikuwa nyuzi ya 21 na Rahu nyuzi ya pili au ya tatu. Mtoto wa Septemba ana mkutano wa jina. Mtoto wa Mei amepatwa kweli. Kisanduku chekundu kinawapa wote sentensi zilezile tatu.

Kisha namtazama mwenye nyumba. Kondoo ni nyumba ya Mirihi. Mushtari na Rahu humo ni wageni, na wageni hukaa kwa kadiri mwenyeji wao anavyojiweza. Kuanzia tarehe 10 Mei hadi 1 Julai 2023 Mirihi alikuwa katika Kaa, na huko ndiko anakoshuka daraja kuliko kote. Mwenyeji hoi, wageni wanagombana sebuleni. Kuanzia Julai alihamia Simba, akapata nguvu. Hapo pekee tayari una makundi mawili ya watoto ambao hawafanani.

Halafu nauliza nani anawatazama. Zohali alikuwa katika Ndoo mwaka mzima kuanzia Januari, na Zohali, kwa kanuni za Jyotisha, hutupa jicho nyumba ya tatu, ya saba na ya kumi kutoka alipo. Nyumba ya tatu kutoka Ndoo ni Kondoo. Kwa hiyo wote waliozaliwa katika miezi ile wana Mushtari na Rahu walio chini ya macho ya mzee mkali. Wengi wakisikia Zohali hushtuka. Mimi hufurahi kidogo. Rahu asiye na mipaka anahitaji mtu wa kumwambia hapana.

Yote haya bado ni ya kundi. Kinachomtoa mtu mmoja kwenye kundi ni lagna, sehemu ya anga inayochomoza mashariki wakati anapozaliwa. Hubadilika takribani kila saa mbili, na ndiyo inayoamua mkutano umeangukia upande gani wa maisha. Bila saa ya kuzaliwa iliyo sahihi, mnajimu mwaminifu hufika hapa na kusimama.

Nitaonyesha kwa chati moja, ya usiku wa tarehe 10 Juni 2023, saa nne na nusu, Dar es Salaam. Si ya mtoto wa mama yule. Nimechagua siku na saa nyingine ili nyumba yao ibaki na siri yake. Anga, hata hivyo, ndilo lililokuwapo usiku huo.

Lagna ni Mbuzi, nayo huhesabiwa nyumba ya kwanza. Kondoo inakuwa nyumba ya nne: mama, makao, utulivu wa moyo, msingi wa elimu. Mushtari yuko nyuzi ya 11, Rahu kati ya ya saba na ya nane. Nyuzi tatu na nusu, basi mshiko ni mkali. Kwa lagna ya Mbuzi, Mushtari anamiliki nyumba ya kumi na mbili na ya tatu, yaani gharama, safari za mbali, juhudi binafsi. Si rafiki mkubwa wa lagna hii. Mpaka hapa, mwenye kutafuta mkosi ana vifaa vyote mkononi: mama, makao, Rahu, mwalimu aliyeshikwa.

Sasa endelea kutazama. Mirihi, mwenye nyumba hiyo ya nne, yuko katika Kaa, nyumba ya saba, akiwa ameshuka daraja. Lakini ipo kanuni iitwayo nichabhanga, kuvunjika kwa unyonge: sayari ikishuka daraja katika nyumba fulani, na yule anayetukuka katika nyumba hiyohiyo akawa kwenye moja ya nguzo nne za chati (nyumba ya kwanza, ya nne, ya saba na ya kumi), unyonge unavunjika. Anayetukuka katika Kaa ni nani? Mushtari. Naye yuko nyumba ya nne, nguzo mojawapo. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, na sijawahi kuuona usemi huo ukikaa sawasawa kama hapa. Mgeni yuleyule aliyeshikwa na Rahu sebuleni ndiye anayemponya mwenye nyumba.

Kisha Zohali. Kwa lagna ya Mbuzi, Zohali ni bwana wa lagna, mlinzi wa mtoto mwenyewe, na yuko Ndoo, nyumbani kwake, ana nguvu zake zote. Jicho lake linapotua nyumba ya nne, ni jicho la mwenye mali anayekagua mali yake. Makao ya mtoto huyu yanaweza kuwa na ugeni ndani, pengine mama anayefanya kazi mbali, pengine bibi wa lugha nyingine, pengine kuhamahama. Hayavunjiki kirahisi.

Na bado kuna navamsha, ile chati ya pili inayopatikana kwa kuigawa kila nyumba ya nyota vipande tisa. Wahindi huifananisha na tunda, chati kuu ikiwa ndiyo mti. Nyuzi kati ya 10 na 13 na theluthi za Kondoo huangukia Kaa katika navamsha. Mushtari wa usiku huo yumo humo: katika tunda ametukuka. Rahu, aliye nyuzi chache nyuma, anaangukia Mapacha. Kwenye mti wameshikana, kwenye tunda wameachana, na mwalimu amebaki katika heshima yake. Ukiniuliza maana yake kwa maneno ya kawaida, nitasema: mtu ambaye atajifunza kwa njia zisizo za kawaida, atauliza maswali ambayo wakubwa wake hawakuzoea kuulizwa, na mwishoni imani yake itakuwa imara kwa sababu ameihoji mwenyewe.

Saa nne baadaye, saa nane na nusu usiku, katika hospitali ileile, lagna ni Samaki. Mushtari sasa ni bwana wa lagna, yaani mtoto mwenyewe, naye yuko nyumba ya pili, ya maneno, chakula na mali ya ukoo. Mshiko wa Rahu unaelekea mdomoni. Hapo ningezungumza na wazazi kuhusu ukweli na uongo, na kuhusu kipaji cha lugha. Usiku uleule, kisanduku chekundu kilekile, maisha mawili.

Limebaki swali la lini, na hapa ndipo hofu nyingi huyeyuka. Jyotisha haisemi kwamba kila kitu cha chati kinafanya kazi kila siku. Kuna mpangilio wa zamu, Vimshottari, wa miaka 120. Kila graha ina zamu yake, Rahu 18, Mushtari 16, Zohali 19, na kadhalika, na ndani ya kila zamu kuu wote tisa hupokezana zamu ndogo. Mkutano huamka zaidi pale wawili hao wanaposhika zamu pamoja. Zamu ya Mushtari hufuata mara baada ya ya Rahu, kwa hiyo mtu anayeingia zamu ya Rahu ujanani ana miaka 34 mfululizo ya hawa wawili, na kwake mkutano huu ni uti wa mgongo wa maisha. Mwingine anaweza kuzeeka akiuonja vipande vipande tu.

Pa kuanzia panatoka kwa mwezi. Usiku wa 10 Juni, saa nne na nusu, mwezi ulikuwa katika Purva Bhadrapada, mojawapo ya manazili 27 za mwezi ambazo Wahindi huziita nakshatra, na manzili hiyo ni ya Mushtari. Mtoto anaanza maisha ndani ya zamu ya Mushtari, akiwa amebakiwa na miaka tisa na miezi mitano hivi. Zamu ndogo ya mwisho ndani yake ni ya Rahu, miaka miwili, miezi minne na siku 24. Piga hesabu: itaanza katikati ya 2030, mtoto akiwa na miaka saba, na kwisha kuelekea mwisho wa 2032. Tena, mwishoni mwa 2030, Mushtari na Rahu watakutana upya angani, safari hii katika Nge. Kisha inaingia zamu ya Zohali, bwana wa lagna aliye nyumbani kwake, miaka 19. Zamu kuu ya Rahu mwenyewe ingemkuta mtoto huyu akiwa na miaka 95.

Kwa hiyo ule mkosi wa maisha yote, ukiusoma hadi mwisho, sehemu yake iliyo moto ni miaka ya mwanzo ya shule ya msingi. Hilo mzazi anaweza kulifanyia kazi. Anaweza kumjua mwalimu wa darasa kwa jina, kuuliza mtoto anafundishwa dini na nani na kwa namna gani, kuepuka kumhamisha shule katikati ya mwaka, na kulichukulia kwa uzito siku mtoto akisema fulani ananitisha. Kumlinda mtoto dhidi ya mwalimu mbaya ni tafsiri halali kabisa ya Mushtari aliyeshikwa na Rahu, na inafaa hata kwa mzazi asiyeamini nyota. Sayansi haijaonyesha kwamba Mushtari aliye mbali kiasi hicho humgusa mtoto wa mtu. Nami sidai hivyo kwa mizani ya maabara. Ninachodai ni kwamba lugha hii, ikisomwa kwa ukamilifu wake, humfanya mtu atazame mahali panapostahili kutazamwa. Ikisomwa nusu, inaumiza.

Na inaumiza mfuko pia. Mtaalamu yule alimtajia mama jiwe la pukhraj, yakuti ya manjano, la kumtia nguvu Mushtari. Yakuti huchimbwa hata kwetu, bonde la Umba mkoani Tanga na Tunduru, na ni jiwe zuri. Lakini jiwe hutia nguvu kila kitu ambacho sayari inamiliki. Kwa lagna ya Mbuzi niliyoieleza, Mushtari anamiliki nyumba ya kumi na mbili, ya gharama na kupotelewa. Wanajimu wengi makini wasingemvisha mtoto huyo pukhraj hata wangepewa bure. Anayeuza jiwe bila kuuliza lagna anafanya biashara ya vito, basi.

Tiba za mapokeo zenyewe nyingi hazigharimu kitu. Alhamisi ni siku ya Mushtari, na siku hiyo watu hutoa dengu na manjano, huwasalimu walimu wao, hulisha wenye njaa. Mwenye uwezo na hamu ya kuhiji ana Tamil Nadu, karibu na mji wa Kumbakonam, ambako hekalu la Alangudi ni la Guru na la Thirunageswaram ni la Rahu. Huko Thirunageswaram humwagia sanamu ya Rahu maziwa, na waumini husema maziwa hugeuka buluu yanapoteremka mwilini mwake. Nimependa siku zote kwamba dawa ya mwenye njaa asiye na tumbo ni maziwa. Wamekaa na njaa yake na kuilisha.

Mama yule tuliisoma chati ya mwanawe jioni mbili, chai ikapoa mara kadhaa. Lagna yake ilikuwa nyingine, na mwaka wa zamu yake ni mwingine pia, mbali kidogo na huo niliouandika hapa. Nilipomtajia, aliigeuza ile karatasi ya kisanduku chekundu, akaomba kalamu, akaandika nyuma yake kwa Kigujarati mwaka na neno moja. Nilimwuliza ni neno gani. Akasema, "Mwalimu." Akaikunja, akaitia kwenye mkoba wa nepi, akamhamishia mtoto bega la pili.